Sahihi ya Pili

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu wa mwaka, hapa Sumbawanga)



Kamati iliponiandikia ilinitaka nieleze kazi ya uhudumu wa ndege, kazi niliyoifanya kwa muda wa miaka ishirini na miwili. Najua vijana wanangoja habari za miji mikubwa. Habari hizo ninazo, na tutazizungumza wakati wa chakula. Lakini nimepewa nusu saa tu, nami ningependa kuitumia kwa jambo litakalowafaa hata wale ambao hawatapanda ndege maishani mwao. Nataka kuzungumza juu ya karatasi.

Katika maisha ya mtu wa kazi ya mshahara ziko sahihi mbili. Ya kwanza ni ile ya kuajiriwa. Hiyo huja na furaha. Wazazi hupigiwa simu Laela au Namanyere, na kuku huchinjwa. Shule zetu hutuandaa vizuri kwa sahihi hiyo. Sahihi ya pili huja baadaye, pengine baada ya miaka mitano au kumi, siku ambayo mwajiri anawaita na kusema: "Hali imekuwa ngumu. Tunaomba mrudishe sehemu ya yale tuliyokubaliana." Kwa sahihi hiyo sijaona shule inayomwandaa mtu. Ndiyo maana nimeichagua leo.

Kwanza niieleze kazi yenyewe, maana bila hivyo hamtaelewa tulikuwa tukibishania nini.

Watu wengi hudhani mhudumu wa ndege ni mtu wa kugawa chai. Chai tunagawa. Lakini sababu ya sheria kudai tuwemo ndani ya ndege ni usalama. Nchi nyingi hufuata kanuni ya mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Tena kabla ya ndege kubwa ya aina mpya kuruhusiwa kubeba abiria, mtengenezaji hana budi kuthibitisha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani yake kwa sekunde 90, huku nusu ya milango ikiwa haitumiki. Mtu wa kuifungua milango hiyo na kuwatoa watu ni mhudumu. Moto ukizuka chooni, abiria akizimia, mama akishikwa na uchungu juu ya bahari, ni yeye. Kwa hiyo uchovu wake ni jambo linalomhusu kila aliyenunua tiketi.

Sasa malipo. Katika mashirika mengi mshahara wa msingi wa mhudumu si mkubwa. Kinachojaza kapu ni malipo ya saa za kuruka na posho ya kulala nje ya kituo. Saa za kuruka aghalabu huhesabiwa tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka inaposimama tena. Muda wa kujiandaa, wa kukagua vifaa, wa kungoja ndege iliyochelewa, mara nyingi haumo katika hesabu hiyo. Mtu anaweza kuwa kazini saa 12 na kulipwa saa tano za kuruka.

Kisha iko ratiba ya mwezi. Humo zimo safari zako, siku zako za kupumzika, na siku za zamu ya akiba, ambazo unakaa nyumbani huku sare imepigwa pasi, ukingoja simu. Ratiba ndiyo inayoamua kama utahudhuria harusi ya mdogo wako, au kama utawahi mazishi. Sisi watu wa Ufipa tunalijua hilo zaidi ya wengine. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na hata lami ilipofika kutoka Tunduma, umbali haukupungua.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije kwenye habari yenyewe.

Mwezi wa Julai 2008 bei ya mafuta duniani ilipita dola 140 kwa pipa. Muda mfupi baadaye uchumi wa dunia ukaporomoka na abiria wakapungua. Mwaka uliofuata shirika lililoniajiri, ambalo sitalitaja kwa jina, lilituletea waraka wenye mambo manne. La kwanza, posho ya kulala nje ipunguzwe kwa moja ya tano. La pili, mapumziko kati ya safari moja na nyingine yapunguzwe kutoka saa 18 hadi saa 12. La tatu, ratiba ya mwezi itolewe siku 7 kabla badala ya siku 15. La nne, aliye katika zamu ya akiba afike uwanjani saa moja na nusu baada ya kupigiwa simu, badala ya saa tatu. Tulipewa majuma matatu ya kujibu. Mwisho wa waraka palikuwa na sentensi fupi kwamba tukikataa, watu watapunguzwa kazi.

Nilikuwa mmoja wa wawakilishi watano tuliochaguliwa na wenzetu. Tulikutana nao katika ukumbi wa kukodi, kwa zamu mbili, kwa kuwa hatukuweza hata siku moja kukusanyika wote tukiwa chini ardhini.

Msidhani wafanyakazi huwa na sauti moja. Vijana wasio na watoto walisema: "Wape saa, tuachieni fedha. Sisi tunajenga, tunasomesha wadogo zetu." Wazee waliokaribia kustaafu walisema tusiguse chochote kinachoingia katika hesabu ya kiinua mgongo. Wako waliosema tukatae yote, maana wakubwa wanatutisha tu. Wako waliosema tukubali yote, maana mitaani kuna watu wengi wanaoitaka kazi yetu. Akasimama dada mmoja aliyekuwa na mtoto wa miezi minane. Akasema: "Mkinipunguzia fedha nitakula maharage badala ya nyama. Mkinipunguzia usiku, sijui duka linalouza usiku." Ukumbi ulinyamaza, lakini haukukubaliana naye wote. Kijana mmoja alimjibu kwa heshima: "Dada, na mimi nikikosa fedha ya kodi, sijui duka linalogawa vyumba bure."

Wote wawili walisema kweli. Kazi yetu sisi watano ilikuwa kuzipima kweli hizo mbili. Tukajiwekea maswali manne, na hayo ndiyo ninayotaka vijana mwondoke nayo leo.

Swali la kwanza: je, shida hiyo ni ya kweli, na tumeonyeshwa hesabu? Mwajiri anaweza kuwa na shida kweli. Biashara ya ndege ni biashara ya faida nyembamba, na mwaka 2020, wakati wa korona, abiria wa ndege duniani walipungua kwa kiasi cha asilimia 60. Kukataa kusikia si ushujaa. Lakini kuambiwa ni jambo moja na kuonyeshwa ni jingine. Hapa Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao juu ya njia za kuepuka au kupunguza madhara. Itumieni haki hiyo mapema, kabla mambo hayajafika mahakamani. Mwaka 2012 Kenya Airways iliwapunguza wafanyakazi 447. Desemba mwaka huohuo mahakama ya kazi ikaamuru warudishwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo. Fikirini mtu anayelea watoto, kwa karibu miaka miwili hajui kama ana kazi au hana.

Swali la pili: nani mwingine anatoa? Hapa nitawapeleka Marekani kidogo. Mwezi wa Aprili 2003 wafanyakazi wa American Airlines, wahudumu wa ndege wakiwemo, walipiga kura wakakubali kuachia masilahi yenye thamani ya kiasi cha dola bilioni 1.8 kwa mwaka ili shirika lisifilisike. Fungu la wahudumu peke yao lilikuwa kiasi cha dola milioni 340. Mara tu baada ya kura ikafahamika kuwa wakubwa wa shirika walikuwa wametengewa bonasi za kuwabakiza kazini, pamoja na mfuko wa kulinda pensheni zao hata kama shirika lingefilisika. Ghadhabu ikawa kubwa, bonasi zikafutwa, na mkurugenzi mkuu, Donald Carty, akajiuzulu mwezi huohuo. Wazee wenzangu watakumbuka kuwa sisi tulikuwa na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi ubwana na dharau kazini. Miaka imepita, lakini jambo lenyewe halijazeeka. Anayekuomba ufunge mkanda, kwanza mwangalie kiunoni.

Swali la tatu: mpaka lini? Kitu kilichotolewa bila tarehe ya kurudi kimekwenda. Mfano uko hapa jirani. Wakati wa korona, mwaka 2020, michango ya mwajiri katika mfuko wa akiba wa marubani wa Kenya Airways ilisimamishwa. Miaka miwili baadaye ugomvi ulikuwa juu ya kuirudisha. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani wakagoma. Shirika likasema linapoteza kiasi cha shilingi milioni 300 za Kenya kila siku, na abiria wakakwama uwanjani Nairobi. Mahakama ikaamuru warudi kazini ifikapo saa 12 asubuhi ya tarehe 9. Sipo hapa kuamua nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba kila upande ulilipa gharama kubwa kwa jambo lililoachwa bila kufungwa.

Tena iandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lililoanza mwaka 1946 likafa pamoja nayo, watumishi wake waliachwa na ahadi. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalifikiwa mwaka 1984, lakini wazee wetu hao waliendelea kudai mafao yao, hata kwa kwenda mahakamani, hadi miaka ya 2000. Wengine walifariki wakidai. Kwa hiyo kila barua ya kazi, kila hati ya mshahara, itunzeni kama mnavyotunza cheti cha kidato cha nne.

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote: ni kitu gani tunachoombwa, fedha au saa? Katika waraka wetu jambo moja tu kati ya manne lilihusu fedha. Matatu yalihusu saa, lakini yaliandikwa kwa maneno laini, kana kwamba ni taratibu za ofisi. Tulikaa siku mbili tukichora ratiba ya kubuni ya mwezi mzima kwa kufuata masharti yale mapya. Tukaona mtu anatua saa 4 usiku, na saa 4 asubuhi yuko kazini tena. Ukitoa njia ya kwenda na kurudi, kuoga na kula, analala saa sita, siku ya tatu mfululizo. Ndipo wengi wa vijana waliosema "wape saa" walipoanza kukuna vichwa.

Niseme kwa lugha ya nyumbani. Mababu zetu hapa Ufipa walilima kwa intumba. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi hukatwa na kufukiwa chini ya udongo, tuta la mviringo likainuka. Nyasi zinaoza, maharage yanapandwa juu yake, na msimu unaofuata tuta linabomolewa na kusambazwa, ulezi au mahindi yakapata rutuba. Mkulima hufukia nyasi zake kwa moyo mweupe kwa sababu shamba analijua na msimu wa kulibomoa tuta anaujua. Fedha tunayoiachia katika miaka mibaya inaweza kuwa kama nyasi hizo, ikiwa tu tumekubaliana msimu. Lakini mapumziko ya mwili hayafukiwi. Usiku ambao hukulala mwaka huu hauoti mwaka ujao. Na katika kazi yetu, usiku huo anaweza kuulipia abiria.

Basi tulirudi kwa wakubwa na pendekezo letu. Tuliwaambia: chukueni posho zaidi ya mlivyoomba, robo badala ya moja ya tano, lakini kwa miezi 18 tu, na tarehe ya mwisho iandikwe katika mkataba wa hali bora. Mishahara ya wakurugenzi ipunguzwe katika muda uleule. Mapumziko yabaki saa 18. Ratiba ibaki siku 15. Zamu ya akiba tutakubali saa mbili. Mazungumzo yalichukua majuma mawili zaidi. Wakakubali. Tukapiga kura, pendekezo likapita, ila si kwa wingi mkubwa.

Ningependa kuwaambia kuwa kila mtu alifurahi, lakini haikuwa hivyo. Posho ilirudi, ingawa ilichelewa miezi miwili, na ilirudi kwa kuwa tulikuwa na karatasi yenye tarehe. Wale waliokuwa na mikataba ya muda hawakuongezewa mikataba yao. Makubaliano yetu hayakuwahusu, kwa kuwa hawakuwa wanachama. Na yule kijana aliyemjibu dada kuhusu kodi alilazimika kuuza kiwanja alichokuwa ameanza kulipia. Tumebaki marafiki. Mpaka leo tukikutana huniambia: "Kaka, mlinunua usingizi wa wengine kwa kiwanja changu." Mimi humjibu kwamba usingizi ule ulikuwa wake pia. Hatujapatana juu ya jambo hilo, na sidhani kama tutapatana. Nalisema hili mbele yenu kwa sababu mtakapofika kwenye sahihi ya pili, mtu atakayewaambia kuna njia isiyomuumiza yeyote, msimwamini upesi.

Sasa, vijana. Najua si wengi kati yenu watakaofanya kazi angani. Lakini mtakuwa wauguzi wa zamu ya usiku, walinzi, watu wa migodini, wahudumu wa hoteli, madereva. Mwaka 2015 madereva wa mabasi na malori wa nchi yetu waligoma mwezi wa Aprili na tena mwezi wa Mei, na moja ya hoja zao ilikuwa kwamba wengi walikuwa barabarani bila hata mkataba wa ajira. Hao hawakuwa na sahihi ya kwanza, seuze ya pili.

Kwa hiyo yajueni machache haya ya sheria yetu ya mwaka 2004. Kwa kazi za kawaida, mtu asifanyishwe kazi zaidi ya siku 6 au saa 45 kwa juma, wala saa 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika majuma manne, na malipo yake yasipungue mara moja na nusu ya kawaida. Kazi ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine yawepo mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila juma saa 24. Ukiachishwa kazi isivyo halali, una siku 30 za kupeleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 ni chache; mtu akizimaliza kwa kulia nyumbani, zimekwisha. Wahudumu wa ndege na marubani wana kanuni zao nyingine za muda wa kuruka na kupumzika, zinazosimamiwa na mamlaka za usafiri wa anga, kwa ajili ya usalama.

Na ninyi ndugu zangu wa zamani, wengi wenu leo ni waajiri. Mna maduka, mashule, magari, mashine za kukoboa. Siku moja hali itakuwa ngumu, na ninyi ndio mtakaoandika ule waraka. Nawaomba mambo mawili. Waonyesheni watu wenu daftari. Na jina lenu liwe la kwanza katika orodha ya watakaopunguziwa. Mtashangaa jinsi watu wanavyoweza kuvumilia mengi wakiona mkubwa wao anavumilia pamoja nao.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona unaangalia saa, nami kwa kazi niliyoifanya nimefunzwa kuheshimu saa za watu. Vijana, someni kwa bidii, na mkipewa karatasi ya kutia sahihi, isomeni mpaka mstari wa mwisho. Ukurasa wa saa usomeni mara mbili. Ombeni siku moja ya kufikiri. Mwajiri mwema hatawanyima siku moja.